Mita Tisa na Nusu

"Ukuta hukaguliwa kwa macho, nyumba kwa salamu."

Wanafunzi watatu wa chuo cha ualimu waliyasikia maneno hayo kutoka kwa mama mmoja muuza mkaa, asubuhi walipokuwa wakizunguka kutafuta chumba cha kupanga. Walipofika kwa Mzee Kibwana kutoa nakala za mkataba, wakamwuliza msemo huo umetoka wapi. Kabla ya kununua mashine ya nakala, Mzee Kibwana alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na moja, na hakupenda jambo liitwe la wahenga pasipo ushahidi. Akazima mashine.

"Huu si wa wahenga," aliwaambia. "Aliyeusababisha namjua, na siku uliposemwa mara ya kwanza nilikuwepo. Vuteni benchi mkae, niwaeleze ulivyoanza."

*

Twaha Mchome alikuwa Bwana Afya hapa Morogoro. Kazi yake ilikuwa kuingia katika nyumba za watu na kuandika kasoro: choo kisicho na mfuniko, dirisha lisilopitisha hewa, kisima kilichochimbwa karibu na shimo la maji machafu. Alikuwa hodari na mwaminifu. Hakunywa hata chai katika nyumba aliyokwenda kuikagua.

Katika miaka kumi na miwili ya kazi aligundua jambo moja: wanaomsalimu kwa kirefu ndio wenye vyoo vibovu. Salamu ingeanza kwa afya yake, ipite kwa mkewe na watoto, iteremke hadi kwa wazee wake kule Upareni, na mwisho wake liwe ombi. Basi akazifupisha salamu. Alibaki na "habari" moja, ambayo aliitoa akitembea, na jibu lake lilimfikia mgongoni.

Vijana wa ofisini waliotafuta nyumba walimwendea kwa ushauri, naye hakuwanyima. "Nenda mchana uone joto," aliwaambia, "urudi siku ya mvua uone paa. Fungua mabomba yote kwa pamoja. Tazama kama mita ya umeme ni yako peke yako au mnachangia watu wanne. Ukikuta rangi mpya chini ya ukuta, gonga, huenda inaficha unyevu. Na mkataba usome hadi mstari wa mwisho." Ushauri huo ulikuwa sahihi, na bado ni sahihi.

Mwaka huo mkwe wake, Bi Mwantumu, mama wa mkewe Hidaya, aliteleza kisimani kwake Korogwe akavunjika nyonga. Akatakiwa kuhudhuria mazoezi hospitalini hapa Morogoro kila wiki, kwa mwaka mzima. Twaha na mkewe walikuwa wakiishi ghorofani, ngazi ishirini na mbili. Akasafiri hadi Korogwe, na mbele ya kaka zake Bi Mwantumu akasema, "Mama, nitakutafutia nyumba isiyo na ngazi hata moja, karibu na hospitali. Hilo niachie mimi."

Si jambo dogo mama kwenda kuishi kwa mkwewe. Bi Mwantumu alikataa siku mbili. Siku ya tatu akakubali kwa sababu ya ahadi ile. Chumba chake akampa mpwa wake aliyekuwa akioa. Kwa hiyo hakuacha nyuma mahali pa kurudi, na Twaha alilijua hilo.

Alitafuta wiki tano. Dalali mmoja, Sudi, ndiye aliyempeleka Mtaa wa Mikwajuni kuona nyumba ya vyumba vitatu, saruji tupu kuanzia barabarani hadi kitandani. Mwenye nyumba, Sudi alisema, ni Bwana Desderi Mkude, mfanyabiashara, mtu asiye na usumbufu.

Mkabala na nyumba hiyo, ng'ambo ya njia, palikuwa na chumba kimoja cha matofali mabichi. Mbele yake alikaa mwanamke wa makamo akikaanga mihogo. Twaha na Sudi walipopita, mwanamke yule aliinua uso, akaweka kijiko kando, kama mtu anayejiandaa kuamkiwa.

"Habari," Twaha alisema, akiwa ameshampita.

"Achana nao, bosi," Sudi alinong'ona. "Watu wa huku maneno mengi."

Mara ya pili Twaha alikuja na futi kamba. Alipima mlango ili magongo ya mkwe yapite, akapima kutoka kisimani hadi chooni. Akagonga kuta, akafungua mabomba, akapanda darini. Akauliza nyumba imekaa wazi muda gani.

"Miezi minane, bosi."

Twaha akaandika katika daftari lake: *Miezi minane. Rangi imekauka vizuri.*

Kisha akafikiria moshi. Kifua cha Bi Mwantumu hakikuwa kizuri. Akampa Sudi ncha ya futi kamba, akamwambia aende nayo hadi kwenye jiko la yule mwanamke, yeye akabaki dirishani. Mwanamke alivuta mguu wake ili kamba ipite, akamtazama Sudi, kisha akamtazama Twaha. Twaha alikuwa akisoma namba. Akairidhia, akaiandika, akavuta kamba yake.

Mara ya tatu alikuja kutia sahihi. "Karibuni, baba," mwanamke yule alimwita kutoka jikoni kwake. Twaha alimpungia mkono ulioshika mkataba. Aliusoma mkataba wote, hadi mstari wa mwisho, na hakuna kosa aliloliona.

*

Bi Mwantumu aliletwa Jumamosi. Gari liliposimama, Twaha alimfungulia mlango mwenyewe, akamwonyesha jinsi saruji ilivyonyooka bila kizingiti. Alikuwa na furaha ya mtu aliyetimiza neno lake.

Lakini Bi Mwantumu hakuingia. "Nitaingiaje ndani sijawaamkia watu wa mtaa?" alisema. "Ninyi shusheni mizigo." Akavuka njia na magongo yake, taratibu, akapewa kigoda kando ya jiko la mihogo.

Alikaa huko muda wa saa nzima. Twaha alifunga kitanda, akatundika chandarua. Mara mbili alichungulia dirishani na kuona vichwa vya wanawake wawili vimeinamiana. Aliporudi, Bi Mwantumu alikaa barazani, juu ya gunia la mchele waliokuja nao.

"Ingia upumzike, mama. Kitanda tayari."

"Mkwe wangu, hii nyumba ya nani?"

"Ya Bwana Desderi. Mkataba ninao."

"Nani alishuhudia?"

"Dalali."

"Na huyo Desderi aliijenga mwaka gani?"

Swali hilo halikuwamo katika daftari la Twaha.

"Hajaijenga," Bi Mwantumu alisema, bila kupandisha sauti. "Aliijenga kaka yake na mkewe, yule mama pale, Mama Koleta. Mume alipofariki, wakaenda kumzika Matombo. Mama wa watu anarudi, anakuta kufuli mpya mlangoni, ya shemeji yake. Mahakama imesema nyumba isiuzwe wala isipangishwe hadi shauri liishe. Chumba ulichonitandikia ndimo alimozalia watoto wake, naye yuko pale ananitazama. Mimi silali humo, baba. Unisamehe."

Hidaya, aliyekuwa amebeba masufuria, aliyaweka chini moja moja. Hakumtazama mumewe. Twaha angependa amtazame.

"Nifanye nini, mama?"

"Mimi sijui sheria. Nenda kaseme naye."

Twaha alivuka ile njia. Alikuwa ameipita mara kadhaa, lakini siku hiyo aliona mambo ambayo hakuwa ameyaandika: ndoo mbili za rangi zilizopandwa michicha, viatu vya shule vilivyoanikwa juani.

"Shikamoo, mama."

Mama Koleta aligeuza vipande vya mihogo, kimoja baada ya kingine, hadi vikaisha vyote.

"Marahaba. Leo umeniona."

"Mama, mimi sikujua."

"Ungejuaje? Mara ya kwanza nikasema huyu ana haraka zake. Mara ya pili ukanipitishia kamba miguuni kama napimiwa kaburi, nikasema labda ni bubu. Mara ya tatu nikakukaribisha kwa mdomo wangu mwenyewe, ukanipungia kama unafukuza nzi."

Mwanamke aliyekuwa akinunua mihogo alicheka, kisha akajikohoza.

"Lakini kwa nini hukuniambia tu?" Twaha aliuliza. "Neno moja lingetosha."

"Nikukimbilie nyuma, baba? Mtu hajaniamkia, nimshike shati nimwambie nyumba ile yangu? Ungesema mama huyu ana wazimu, na Sudi angekuitikia." Akapangusa mikono. "Kabla yako walikuja watu wanne. Mmoja kijana mdogo, sharubu hana. Wote walisimama hapa wakaniamkia, wakauliza jirani vipi, mtaa una maji. Nikawaambia. Wakageuka. Unadhani nyumba nzuri kama ile ilikaa wazi miezi minane kwa sababu gani?"

Twaha alikumbuka daftari lake. Miezi minane alikuwa ameihesabia rangi.

Alijaribu kumpigia Sudi. Simu ilikuwa imezimwa. Jua lilipoanza kushuka, gari lilipakiwa upya. Twaha na Hidaya waliomba hifadhi kwa mfanyakazi mwenzake, wakalala katikati ya mizigo yao. Bi Mwantumu hakuweza kwenda huko, kwa kuwa kulikuwa na ngazi. Alilala katika kile chumba cha matofali mabichi, kitandani kwa Mama Koleta, na Mama Koleta akatandika mkeka chini pamoja na wanawe. Hivyo ndivyo Twaha alivyotimiza ahadi yake ya Korogwe: mkwe wake alipata mahali pasipo na ngazi, karibu na hospitali, kwa huruma ya mtu ambaye yeye hakumpa salamu.

Kila jioni alimpelekea chakula. Bi Mwantumu hakumlaumu hata siku moja. Alikuwa akimshukuru, na Twaha alitamani amtukane.

*

Shauri lilisikilizwa wiki tatu baadaye. Desderi alikana kwamba amepangisha nyumba. Twaha akaitwa na mkataba wake, kuwa shahidi wa Mama Koleta. Hakulazimishwa, alijitolea, kwa sababu mkataba ulikuwa ukweli, naye aliamini ukweli haufichwi hata ukimuumiza mwenyewe. Lakini hakuwa amejua utamuumiza kiasi gani.

"Kazi yako?" hakimu aliuliza.

"Bwana Afya, mheshimiwa."

"Unafanya nini hasa?"

"Nakagua nyumba za watu."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Hakimu alimtazama, naye akaacha.

"Kabla ya kupanga, ulimwuliza mtu yeyote pale mtaani habari za nyumba hii?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Hapakuwa na mtu?"

"Alikuwepo mama huyu."

"Alikuwa mbali?"

Twaha angeweza kusema hakumbuki, au kusema mbali kidogo. Hakuzoea kusema hivyo.

"Mita tisa na nusu, mheshimiwa."

Hakimu aliweka kalamu chini. "Umejuaje?"

"Nilipima."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Hata karani alicheka, na karani huyo anaona haya hadi leo. Twaha alisimama akiushika ubao wa kizimba, masikio yakimwaka, akisubiri kicheko kiishe. Hakikuisha upesi. Mama Koleta peke yake ndiye hakucheka.

Mkataba ulipokelewa kuwa kielelezo, na Desderi, kwa kuvunja amri ya mahakama, akaamriwa kumkabidhi Mama Koleta funguo siku ile ile. Nje, watu wa Mikwajuni walimzunguka Mama Koleta wakipiga vigelegele. Mtu akaigiza kwa sauti nyembamba, "Mita tisa na nusu, mheshimiwa!" na kicheko kikaanza upya. Hapo Bi Mwantumu, aliyekuwa ameegemea magongo yake, aliinua mkono.

"Mwacheni mkwe wangu," alisema. "Kupima si kosa. Ukuta hukaguliwa kwa macho, nyumba kwa salamu. Yeye alimaliza la kwanza, la pili hakuwa amefundishwa."

Alikusudia kumsitiri. Lakini maneno mazuri hayasitiri mtu. Watu wa Mikwajuni waliyabeba hadi sokoni, sokoni yakabebwa hadi stendi.

Mama Koleta alihamia kwake, na chumba cha mbele akampangisha Bi Mwantumu pamoja na binti yake. "Na mumewe," aliongeza, "kama atapenda." Twaha alikaa pale miaka miwili, mpangaji wa mtu aliyempita mara tatu. Kila asubuhi alisimama mlangoni kwake, miguu yote miwili imetulia, akamwamkia, akangoja aitikiwe. Mwanzoni majirani walikuja kutazama. Baadaye wakazoea. Yeye hakuzoea.

Miaka sita baada ya hapo, alikuwa mtaa mwingine kabisa, ng'ambo ya mto, akikagua kisima. Mume na mke vijana walifika kuona nyumba ya jirani. Mume alitaka kuingia moja kwa moja. Mke akamvuta, akaelekea kwa bibi aliyekuwa akichambua mboga.

"Tutachelewa bwana," mume alilalamika.

"Chelewa. Wewe hujasikia habari za yule mjinga aliyempima mama wa watu kwa futi badala ya kumpa shikamoo?" Akamgeukia Twaha, aliyekuwa amesimama na daftari lake. "Si kweli, baba? Wewe mtu mzima, mwambie."

Twaha aliwatazama wote wawili. Hawakumjua.

"Ni kweli, binti yangu," alisema. "Msikilize mkeo. Ukuta hukaguliwa kwa macho, nyumba kwa salamu."