Zamu ya Mavura

Mwanamke mmoja alikuwa na shamba la vitunguu mlimani, na shamba lake lilipakana na la jirani aliyeitwa Mavura, mtu asiye na mke wala mtoto. Mwanamke huyo aliitwa Nakundwa. Aliishi na mama mkwe wake, kipofu, na vitunguu hivyo ndivyo vilivyowalisha wote wawili.

Watu wa mlima ule walinywesha mashamba yao kwa bwawa moja na mfereji mmoja. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake. Zamani zamu hizo zilibadilishwa. Mwenye maharage yaliyokwisha komaa alimpa zamu yake mwenye mahindi machanga, naye akarudishiwa kuku, au siku mbili za kulimiwa, au zamu ya mwezi ujao. Wakishapatana, mtoaji alilaza mpini wa jembe juu ya mfereji, na yeyote aliyepita alijua kwamba maji ya siku hiyo yamepata mwenyewe mwingine. Mapatano yale yalikuwa na kelele nyingi, na wapo walioonewa. Mjane mmoja alitoa zamu tatu akapewa jogoo mgonjwa.

Kwa sababu ya jogoo yule watu walikutana wakakubaliana kuleta mashine. Ilikuwa sanduku dogo la kijivu lililoendeshwa kwa nguvu za jua. Lilifungwa bwawani, na nyaya zake zikafika kwenye lango la chuma la kila shamba. Waliolileta walisema lina akili kuliko kamati yoyote. Ndani yake yaliingizwa majina arobaini na moja, moja kwa kila nyumba, na kila jina likapewa maji sawasawa. Kubadilishana zamu kukapigwa marufuku. Ili mwenye nguvu asije akamfuta mnyonge, waliweka sharti kwamba jina haliondoki ila kwa kidole cha mwenyewe. Na ili wachache wasiwaburuze wengi, hakuna sharti ambalo lingebadilika mpaka zaidi ya nusu ya majina yote yabonyeze vidole.

Nakundwa peke yake alikataa. Alisema afadhali apunjwe na jirani anayeweza kwenda kumgongea mlango. Walimcheka, maana alijulikana kwa kubishania hata fungu la mchicha. Kajiru, mwenyekiti wa kamati ya maji, mtu mpole na mwema, alimwambia kwamba anaogopa usawa kwa kuwa ulimi wake utakosa kazi.

Mwaka wa kwanza ulikuwa kimya, na watu waliupenda ukimya ule. Kisha Mavura akafa. Walimzika Jumatatu. Alhamisi, siku ya zamu yake, lango la shamba lake likafunguka lenyewe.

Maji yaliingia, yakazunguka, yakanywewa na ardhi isiyo na mkulima. Alhamisi ya pili yakaja tena. Magugu yalipanda hadi kimo cha mtu, mabichi, yenye kung'aa. Ng'ambo ya ua, vitunguu vya Nakundwa vilikuwa vikigeuka njano, kwa kuwa udongo wake ni wa mchanga na maji hayakai. Mama mkwe, akiwa ameketi kibarazani, aliyasikia maji akasema Mavura leo amewahi shambani, apelekewe salamu. Nakundwa hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba Mavura amezikwa.

Alikwenda kwa kamati akaomba zamu ya marehemu. Mjumbe mmoja alimtania kwamba aende akapatane na Mavura mwenyewe, mradi asimpunje. Wakacheka. Kajiru hakucheka. Alimweleza tena habari ya kidole, kisha akasema neno alilodhani litamfariji.

“Mama, mashine haina upendeleo. Kwake, wewe na Mavura ni sawa.”

Alhamisi iliyofuata Nakundwa alichukua jembe, akakata ukingo, akayageuzia maji kwake. Sanduku lilipima upungufu. Likalifunga lango la Nakundwa kwa wiki tatu, ili Mavura arudishiwe haki yake. Vitunguu vikafa vyote. Tangu hapo Nakundwa alifanya kibarua bondeni, akawa anapanda mlima jioni na unga wa kuwatosha watu wawili.

Miaka ikapita. Wazee wakafa. Wengine wakahamia mbali, na majina yao yakabaki. Kila mwaka malango mengi zaidi yalifunguka kwenye mashamba yasiyo na mtu, na hayo ndiyo yaliyokuwa ya kijani kuliko yote. Wasafiri walioutazama mlima kutoka barabarani walisifu jinsi kijiji kile kilivyostawi.

Ukaja ukame, na mahindi ya Kajiru mwenyewe yakakauka shinani. Ndipo alipoita mkutano ili zamu ziweze kubadilishwa kama zamani. Alikwenda mpaka nyumbani kwa Nakundwa kumwomba aje, na alipofika mlangoni alisimama muda mrefu bila kubisha hodi. Nakundwa alikuja, mkono mmoja amemshika mama mkwe, mwingine ameshika jembe.

Walibonyeza mmoja mmoja. Hakuna aliyekataa, hata wajumbe wa kamati. Kila mwenye jina aliyesimama pale bwawani alitoa kidole chake. Kisha maandishi yakatokea kwenye sanduku, na Kajiru akayasoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ndogo. Wanaotaka mabadiliko ni ishirini. Walioridhika ni ishirini na mmoja.

Mama mkwe aliuliza hao walioridhika wamekaa wapi, mbona hawasikii wakipumua.

Nakundwa alisogea akalaza mpini wa jembe juu ya mfereji, kama zamani. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Kule chini lango lilifunguka, maji yakapita chini ya mpini bila kusita, na yule kipofu akageuza uso kuyaelekea, akamwamkia Mavura.

Nanyi mnaonisikiliza, mkiletewa mwamuzi asiyemjua mtu yeyote, mtafurahi tu kwamba hatampendelea jirani yenu, au mtauliza kwanza kama atajua kuwa mko hai?