Kisufuria cha Mtu Mmoja

Wapendwa, kabla kwaya haijasimama, na naona wameshaanza kusafisha koo, hebu tutoke humu ndani kidogo twende pwani. Wazee wa kanisa msinikunjie uso. Tutarudi.

Kulikuwa na mama mmoja kule Tanga, mpishi wa shule. Nikisema mpishi wa shule mnanielewa: sufuria ambayo mtoto akitumbukia anaogelea, mwiko mrefu kama kasia, moshi wa kuni machoni, na foleni ya sahani isiyoonekana mwisho wake. Alilisha watoto wa watu mpaka wale watoto wakakua, wakazaa, na watoto wao nao wakaja kupanga foleni. Siku aliyostaafu walimpigia makofi na kumfunga kitenge kipya. Yeye akatoka hapo na kitenge chake, moja kwa moja mpaka kwa fundi, akanunua baiskeli.

Ndiyo, baiskeli. Mama wa makamo, mwenye magoti yanayolalamika kila akiinama. Tangu usichana wake alikuwa na hamu moja ambayo hakuwahi kumwambia mtu: kuifuata bahari kutoka Tanga kushuka mpaka Bagamoyo, akikanyaga pedali mwenyewe, alale anapochoka, apike anaposhikwa na njaa, na asimwombe mtu hata chumvi.

Mtaa ulicheka, ukanyamaza, kisha ukacheka tena. Shoga yake wa jirani alipoingia uani alimkuta amezungukwa na vitu vya safari: hema dogo, pampu, viraka vya tairi, mfuko wa mchele, nazi. Macho ya jirani yakaenda kwenye vyombo. Sahani moja ya bati, kikombe kimoja, kijiko kimoja, na kisufuria kidogo, kile cha kuchemshia maziwa ya mtoto mchanga.

"Shoga, vyombo vyenyewe ndiyo hivi?"

"Ndiyo hivi. Nimelisha watu maisha yangu yote. Safari hii sibebi njaa ya mtu."

"Na ukikutana na mtu njiani?"

"Nitamsalimia."

Mnacheka. Lakini nani humu ndani hajawahi kuchoka na watu? Kuna mtu hapa, simu yake ikilia akaona jina la ndugu fulani, anailaza kifudifudi mezani mpaka inyamaze. Simtaji. Ananitazama.

Basi, fundi baiskeli akampa ushauri wa maana. Akamwambia anayetaka kwenda mbali ajaribu kwanza karibu. Afunge mzigo wote, aende ufukwe wa kijiji cha pili, apike, alale, arudi, ndipo ajue kama safari inawezekana. Akamfungia mzigo kwenye karia kwa mipira ya tyubu kuukuu, akaukaza mpaka baiskeli ikalia. Mama akaondoka. Kwenye mteremko aliachia breki, kitenge kikapepea, na nawaambieni mama yule aliimba. Alikuwa na furaha ambayo hajaisikia tangu siku ya harusi yake, na siku ya harusi alikuwa na wasiwasi wa pilau.

Alasiri akafika ufukweni. Akaweka mafiga, akawasha moto, akafungua mchele. Na hapo, wapendwa, ndipo mambo yalipoharibika.

Kwa miaka yote ile hakuwahi kupima mchele kwa kikombe. Alipima kwa mkono. Sasa huku anaimba na kutazama maji, mkono ukachota, ukachota, ukachota tena, kama ulivyozoea. Mchele ulipoanza kuiva ukanyanyua kifuniko. Akapunguza, akaweka kwenye sahani. Ukapanda tena. Akapunguza kwenye kikombe. Ukapanda. Akageuza kifuniko nacho kikajaa. Alipotahamaki, kila chombo alichokuwa nacho kilikuwa kimejaa wali wa nazi, na mfuko uliokusudiwa kumvusha Pangani umelegea kama soksi.

Akakaa mchangani akalia. Mpishi mzima, ameshindwa kupika chakula cha mtu mmoja! Kama jioni moja tu imekula mchele wote ule, Bagamoyo ataifikiaje? Akaona wazi kwamba mtaa ulicheka kwa haki. Akaamua kesho airudishe baiskeli kwa fundi, na habari ya safari iishe.

Wakati huohuo maji yaliyokuwa yamekupwa yalianza kujaa, na kinamama wanaolima mwani walikuwa wanatoka baharini, wamelowa hadi kiunoni, magunia kichwani. Wakamwona mwenzao, peke yake, wali umejaa kwenye sahani, kikombe na kifuniko. Wakasimama kwa heshima mbali kidogo, na mmoja, mtu mzima, akauliza, "Mwenzetu, unangoja wageni?"

Sasa nyinyi mnajua adabu ya pwani. Mtu akikukuta na chakula, ulimi husema kabla moyo haujajadili. Mama akafuta machozi akasema, "Karibuni."

Yule mtu mzima akatua gunia. "Tumekaribia."

Wakaketi. Vyombo vilikuwa havitoshi na hakuna aliyejali. Wali ulipangwa kwenye majani ya mgomba, mikono ikaoshwa baharini, mmoja akatoa samaki wa kukaanga aliyekuwa amemficha kwa ajili ya mumewe. Walikula, wakamcheka, naye akajicheka. Aliposimulia safari yake wakaanza kugombania kumwelekeza. Huyu ana dada Pangani, ng'ambo ya kivuko. Yule ana shangazi Kipumbwi. Mwingine mwanawe ameolewa mbele kabisa, karibu na Bagamoyo, na atakasirika mgeni wa mamake akilala kwenye hema. Kabla jua halijazama, njia yote ilikuwa na milango.

Siku ya kuondoka, jirani alikuja kumuaga. Akakuta kisufuria cha maziwa kimeachwa jikoni, na juu ya karia imefungwa sufuria kubwa ya shughuli, imeinamishwa, inang'aa.

"Shoga, wewe si ulisema hubebi njaa ya mtu?"

"Siibebi," akasema mama, mguu ukiwa tayari kwenye pedali. "Njaa ya watu ndiyo itakayonibeba mimi."

Akaondoka, sufuria inagonga kila shimo, mtaa mzima ukisikia anapokwenda.

Wapendwa, na sisi tuko safarini. Tunakwenda mbali kuliko Bagamoyo. Na wengi wetu tumefunga mzigo wa mtu mmoja: wokovu wangu, baraka yangu, muujiza wangu, kisufuria changu. Halafu tunashangaa mbona njia haina mlango hata mmoja. Mungu hakutupa mkono wa kupima cha mtu mmoja. Mkono tulipewa mzuri. Sisi ndio tunaousahihisha. Leo ukipika, usiusahihishe. Uache uchote.

Sasa kwaya wasimame. Tukimaliza, nimeambiwa nje kuna chai ya tangawizi, na vikombe havitoshi. Nadhani mnajua la kufanya.