Fundo la Nyasi

Mpo?

– Tupo!

Mmekaa?

– Tumekaa!

Basi nina mzigo kichwani.

– Ushushe, tukupokee!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko yao na mafiga yao, Mama Kanga alikuwa amekaa nje ya nyumba yake akipepeta uwele. Alirusha ungo juu, makapi yakapeperuka, punje zikarudi. Akarusha tena, zikarudi. Ulikuwa uwele wa mwisho, kwa hiyo hakutaka hata punje moja ipotee.

Mama Kanga alikuwa na vifaranga saba. Kila jioni, kabla hajapakua chakula, aliwahesabu kwa wimbo. Nami nikiimba, nanyi mwitikie:

Wangu wangapi?

– Saba, mama, saba!

Nani hayupo?

– Tupo, mama, tupo!

Wa saba aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango. Kitinda alikuwa akichechemea. Mguu wake mmoja uliungua, na sababu yake nitawaambia.

Basi Mama Kanga yumo katika kupepeta, mara akasikia kwato. Digidigi alikuja mbio, ulimi nje.

"Hodi, Mama Kanga! Hodi!"

"Karibu. Usinikanyagie ungo."

"Kisima kimekufa!"

"Kimekufaje? Kisima hakiugui."

"Kimejaa mchanga mpaka mdomoni. Nimechimba kwa kwato zangu hizi, nimepata vumbi. Fisi ameita mkutano. Watu wote, sasa hivi!"

Mama Kanga akafunika uwele wake, akawaita watoto, akaenda.

Sasa ngojeni niwaambie kisima kilikufaje.

Bonde lile la Mlumba lilikuwa na miti na majani. Wazee wao walikuwa wametenga sehemu moja ya malisho wakaiita ngitili. Mvua zikianza, ngitili ilifungwa. Hapakuwa na ukuta wala miiba. Palikuwa na mti mmoja uliochomekwa njiani, na juu yake fundo la nyasi. Ukiona fundo, unapita mbali. Kiangazi kikikaza, wazee walilifungua, wakaingia kwanza wanaonyonyesha, wagonjwa na wasioweza kwenda mbali.

Mwaka mmoja Fisi akaoa. Wakwe zake wakaja wengi, na mvua ndiyo kwanza imeanza.

Fisi akasema, "Nitawalisha nini wakwe zangu? Vumbi? Mnataka tuaibike?"

Wanyama wakaona ana haki. Arusi ni arusi. Wakalifungua fundo kwa siku moja. Wakwe wakakaa siku tisa.

Mwaka wa pili mzee Tembo akafariki. Waombolezaji wakaja kutoka pande zote.

"Nani atawafungia wafiwa mlango?" wakaulizana. Wakalifungua fundo. Matanga yakachukua mwezi.

Mwaka wa tatu hapakuwa na arusi wala msiba. Fundo lilianguka lenyewe, na kila mmoja akadhani mwenzake atalifunga.

Baada ya hapo hata miti haikuonewa haya. Huyu alikata nguzo, huyu alikata kuni, huyu alichoma makaa. Mbuzi wakala kila kilichochipua. Na Fisi, kwa uvivu wake wa kuwinda, akawasha moto porini ili panya na sungura wamkimbilie mdomoni. Moto ule ulipita juu ya kiota cha Mama Kanga. Watoto sita walikimbia. Wa saba alivutwa na mama yake mguu ukiwa umeshashika moto.

Mvua iliyofuata ilikuta ardhi iko uchi. Haikuwa na wa kuizuia. Ilitelemka mbio, ikabeba udongo, ikaumwaga kisimani. Mvua baada ya mvua. Ndivyo kisima kilivyokufa. Hakikurogwa.

Lakini Fisi mkutanoni alisimama akasema, "Tumerogwa!"

"Na nani?" wakauliza.

"Na Mhanga! Yule mwenye masikio ya punda na pua ya nguruwe. Anachimba mashimo usiku. Mnadhani anatafuta mchwa? Anameza mvua!"

Wote wakageuka. Mhanga alikuwa amekaa nyuma peke yake, maana alikuwa mtu wa haya. Akainamisha masikio.

"Tumwache na mashimo yake," Fisi akasema. "Sisi tuhame. Nyuma ya vilima kuna nyasi mpaka kifuani."

Mama Kanga akauliza, "Ni mwendo wa siku ngapi?"

"Saba."

Mama Kanga akamtazama Kitinda. Kitinda akatazama chini.

"Huyu wangu hawezi."

Fisi akalamba midomo. "Sita ni wengi, Mama Kanga. Huyo mwachie mimi nimbebe. Nitamtunza kama wangu."

"Najua utakavyomtunza," Mama Kanga akasema. "Kwangu tunahesabu saba. Nendeni salama."

Kesho yake bonde likahama. Digidigi alilia wakati wa kuaga, lakini akaenda. Walibaki Mama Kanga na watoto wake, na Mhanga aliyesingiziwa uchawi, na Mama Mbuzi, ambaye mimba yake ilikuwa pevu hata kusimama ni kazi.

Jioni Mama Kanga akaimba.

Wangu wangapi?

– Saba, mama, saba!

Nani hayupo?

– Tupo, mama, tupo!

Akawapa uji mwepesi. Kisha akaenda kwa Mhanga.

"Jirani, watoto wangu wana njaa. Wewe unakula nini?"

"Mchwa," Mhanga akajibu kwa sauti ndogo. "Njoo nikuonyeshe."

Akampeleka kwenye kisiki kikavu, cheusi kwa moto. Akachimba. Alipofika kina cha mkono akasimama. "Gusa."

Mama Kanga akagusa mzizi. Ulikuwa na ubaridi. Ulikuwa na maji.

"Kisiki hiki hakijafa?"

"Vyote havijafa. Mimi nakaa chini huko, ninavijua. Kila mwaka vinachipua, na kila mwaka kuna mtu anavila."

Wote wawili wakamtazama Mama Mbuzi, aliyekuwa amejilaza hapo karibu akitafuna.

"Mbona mnaniangalia mimi?" akasema Mama Mbuzi, mdomoni jani.

"Tema," akasema Mama Kanga.

"Nimeshameza."

Basi wakapatana. Kisiki kikitoa machipukizi kumi, matatu yenye nguvu yanabaki, saba yanapunguzwa. Hayo saba ni ya Mama Mbuzi. Hayo matatu hayaguswi. Mama Kanga akakata nyasi kavu, akafunga fundo kwenye kila chipukizi linalobaki.

"Na mashimo yako," akamwambia Mhanga, "mvua ikinyesha yanakuwaje?"

"Yanajaa maji. Naogopa hata kulala."

"Ndiyo nayataka hayo."

Mhanga akachimba mashimo mafupi kwenye mteremko, mapana kama ungo, udongo akaurundika upande wa chini. Vifaranga wakaparura samadi kavu wakaijaza ndani. Kisha Mama Kanga akaleta kibuyu chake cha uwele, akakigawa nusu, akaanza kudondosha punje mashimoni.

"Mama, hicho ni chakula!" watoto wakalia.

"Naona."

"Tutakula nini?"

"Mchwa wa baba Mhanga. Fukieni, msisimame."

Kitinda, kwa kuwa hakuweza kuparura, alipewa kazi ya kulinda mafundo.

Siku ya kwanza Mama Mbuzi akaja akinyatia. "Kitinda, mwanangu, nimekuja kunusa tu."

"Shangazi, pua yako ina meno," Kitinda akasema. Mama Mbuzi akacheka, akarudi.

Siku ya pili akaja tena. "Kitinda, nimesikia mama yako anakuita."

"Mama akiniita huita saba, shangazi. Haniiti peke yangu." Mama Mbuzi akarudi, hakucheka sana.

Siku ya tatu hakuja na maneno. Alikuja na mtoto. Alikuwa amejifungua alfajiri, na matiti yake yalikuwa makavu kama viatu vya zamani. Mtoto alivuta, akalia, akavuta tena. Machipukizi ya kupunguza yalikuwa yamekwisha. Yalibaki yale yenye mafundo.

Kitinda akaenda kumwita mama yake, akichechemea haraka kadiri alivyoweza.

"Mama Kanga," Mama Mbuzi akasema, "leo nakula. Nihukumu kesho."

Mama Kanga akamtazama yule mtoto. Miguu yake ilikuwa bado na maji ya kuzaliwa. Hakumhubiria mama yake. Alirudi nyumbani, akachukua nusu ya uwele iliyobaki, akaichemsha yote uji, akaleta chungu kizima.

"Kunywa hii. Yote. Fundo usilifungue."

"Na wako je?"

"Wangu nitaongea nao." Akaketi karibu naye. "Shoga yangu, mara ya kwanza tulilifungua kwa arusi. Mara ya pili kwa matanga. Hatukulifungua hata siku moja kwa sababu mbaya. Sababu nzuri ndizo zilizotumaliza."

Mama Mbuzi akanywa huku machozi yakidondoka ndani ya uji. Jioni mtoto akapata maziwa.

Kwa Mama Kanga jioni ile hapakupakuliwa kitu. Aliimba tu.

Wangu wangapi?

– Saba, mama, saba.

Nani hayupo?

– Tupo, mama, tupo.

Aliwafunika kwa mbawa zake, akawahesabu mara ya pili kwa kuwagusa, maana njaa nayo ni mwizi.

Siku ya nne mvua ikanyesha.

Msiseme ni muujiza. Mvua ilikuwa ikinyesha kila mwaka, ila haikuwa na pa kukaa. Safari hii ilitelemka mbio kama kawaida yake, ikakuta shimo, ikatumbukia. Ikafurika, ikakuta shimo jingine. Ilipofika chini ilikuwa imechoka, inatembea. Uwele ukaota mashimoni. Machipukizi yakarefuka. Mwaka ule walivuna vibuyu sita, na Mama Kanga akachomeka mti njiani kwenye ngitili ya zamani, akafunga fundo jipya.

Mwaka wa pili kukawa na kivuli, na majani makavu yakaoza chini, udongo ukawa mweusi. Mwaka wa tatu walichimbua mchanga kisimani. Siku ya kwanza walipata unyevu. Siku ya pili walipata tope. Siku ya tatu maji yakafika kwenye kifundo cha mguu wa kanga. Ni machache, lakini yalikuwa maji.

Habari za maji huruka kuliko ndege. Siku moja Mama Kanga anapepeta uwele, akasikia kwato. Ni Digidigi, mbavu zikihesabika, na nyuma yake Fisi, mkia katikati ya miguu.

"Nyasi za mpaka kifuani zi wapi?" Mama Kanga akauliza.

"Tulizila," Digidigi akasema. "Kisha tukakata. Kisha," akamtazama Fisi, "mwingine akachoma. Wenzetu wametawanyika. Mimi nimekumbuka nyumbani."

Fisi hakungoja. Alikuwa ameshanusa panya na sungura wanono ndani ya ngitili, akaenda moja kwa moja kwenye mti wa fundo. Hapo amesimama Kitinda, sasa mkubwa, mguu wake uleule.

Fisi akajifuta macho makavu. "Mwanangu, nina msiba. Mama mkwe amefariki. Waombolezaji wako njiani. Fungua, hata kwa siku moja."

"Pole sana, mjomba," Kitinda akasema. "Matanga tutakuja kukaa nawe. Chakula tutabeba vichwani, kila nyumba na kapu lake. Msiba hauna mlango. Fundo linabaki."

"Wewe ni mtoto, hujui adabu za wakubwa!"

"Najua, mjomba. Adabu za wakubwa ziko mguuni mwangu hapa."

Fisi akautazama ule mguu.

Mhanga akatokea, udongo puani. Aliyaona yote.

"Mzee Fisi," akasema kwa sauti yake ndogo, "bado sijaitapika ile mvua. Ukitaka, nitakuonyesha nilipoificha. Chukua jembe."

Fisi akaomba msamaha, kwanza kwa Mhanga, kisha kwa Kitinda. Tangu siku hiyo alichimba mashimo, na Mhanga ndiye aliyekuwa msimamizi wake. Ndiyo maana hata leo Fisi hulala kwenye mashimo ya Mhanga. Ameyazoea.

Jioni Mama Kanga akasonga ugali wa uwele, akaupindua. Pembeni aliweka mlenda. Kabla hajampa mtu tonge, akasimama na mwiko mkononi.

"Nyamazeni nihesabu."

Watoto saba. Mwana wa Mbuzi, wanane. Mama Mbuzi, tisa. Mhanga, kumi; sogea karibu, acha haya. Digidigi, kumi na moja.

"Na mimi?" Fisi akauliza kutoka mbali.

Mama Kanga akamwonyesha mahali kwa mwiko.

"Kaa pale, karibu nami, mbali na watoto. Kumi na mbili."

Wanangu, akiba haiibiwi na adui. Hufunguliwa na sisi wenyewe, kwa sababu nzuri, siku moja moja, mpaka iishe. Msiba ukija, changeni. Arusi ikija, changeni. Fundo lisubiri wakati wake. Na ardhi iliyochakaa haijafa. Chimba kidogo, ushike mzizi, uone.

Mzigo wangu nimeutua. Mwenye shingo na aubebe, akichoka amtwishe mwenziwe.

Haya, nawieni mikono. Wangu wangapi?

– Wote, mama, wote!

Nani hayupo?

– Tupo, mama, tupo!

Kuleni.