Pimbi, Chui na Dari ya Nyasi

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na baridi!
Tusogee motoni, utusimulie!

Zamani hizo, theluji ya mlima ilipokuwa bado ikiangukia mapaa ya wanyama, Pimbi mmoja aitwaye Ndeshi aliishi katika kijumba alichoachiwa na mama yake. Kila mwaka kabla ya baridi walikuwa wakipanda darini wote wawili, wakitandaza nyasi kavu, wakiziba nyufa kwa udongo, mama akiimba puani. Sasa mama hayupo. Ndeshi akapanda peke yake. Akatandaza, akaziba, akaimba.

Jirani yake Chui alikuwa na jumba. Akawasha moto mkubwa, joto likapenya nyufa za dari, likayeyusha theluji ya paani. Maji yakateremka hadi ukingoni kwenye baridi, yakaganda, yakawa ukuta wa barafu. Maji yaliyofuata yakakosa njia, yakarudi ndani. To! To! To! Kitandani kwa Chui.

Chui akaja kugonga kwa Ndeshi. Ko! Ko!

"We Pimbi! Kwako hakuvuji. Toka, nakaa mimi."

Ndeshi akatazama dari. Kijumba cha mama! Akainama.

"Shikamoo, Bwana Chui."

"Marahaba. Toka!"

"Natoka. Nipe tu lile jumba lako bovu. Na niondoe takataka za marehemu mama, zile nyasi kuukuu za darini na udongo uliokauka."

"Ondoa zote! Nisione hata unyasi mmoja!"

Ndeshi akabeba nyasi, akabandua udongo, akapeleka jumbani. Akatandaza, akaziba. Theluji ikaanguka, kila mmoja akawasha moto kwake. Kwa Ndeshi, kimya. Kwa Chui, to! to! to!

Chui akaja mbio, masharubu yamelowa.

"Mbona huku hakuvuji?"

"Naogopa kusema, Bwana."

"Sema!"

"Maji yanakupenda wewe. Ulipokaa huku, yalikuwa huku. Umehamia kule, yamekufuata."

Chui akatazama juu. Akatazama mkia wake, unachuruzika. Akateremka mlima siku hiyo hiyo, mbio, asirudi tena.

Ndeshi akazirudisha nyasi kijumbani kwa mama, konzi kwa konzi, akiimba puani. Alilia kidogo pia, nisiwafiche.

Hadithi yangu imefika mlangoni. Mwenye masikio atoke nayo. Na funzo lake, wanangu: nyumba ikivuja, msihangaike na dari. Yalaumuni maji, mhame, kama Chui.