Besi ya Nakijwa Ina Nafasi ya Jina Moja

Nisikilizeni hadi mwisho, maana mwishoni nitawauliza, na jibu mimi sinalo.

Korogwe waliishi majirani watatu. Kihiyo alijua kutoa. Shemdoe, seremala, alijua kuunga. Bi Hadhina, mshona nguo, alijua kupima. Ukipita mbele ya kibanda chake tu, kiuno chako keshakijua.

Jirani yao Nakijwa alipiga besi katika kundi la harusi, kwa gitaa la kuazima. Jumapili moja mwenye gitaa akaja kulichukua. Harusi ilikuwa Jumamosi iliyofuata.

"Dada, bila besi utatikisa kayamba," alisema Chedi, kiongozi wa kundi. "Nafasi yako atashika binamu yangu. Yeye ana gitaa lake."

Nakijwa hakulala vizuri usiku huo.

Kihiyo alikuwa na besi ya bei rahisi, ya marehemu pacha wake. Kiwiliwili kilikuwa kimepasuka, lakini shingo ilinyooka na funguo zote nne zilikaza nyuzi. Kwa miaka sita ilitundikwa sebuleni, na hata watoto hawakuruhusiwa kuigusa. Kihiyo akaiteremsha, akafungua skrubu za shingo kwa mkono wake mwenyewe, akaipangusa kwa shati.

"Chukua, mdogo wangu. Huyu alipenda kelele. Ukutani kwangu amenyamaza sana."

Shemdoe alikuwa na gitaa la solo, rahisi kuliko hata hiyo besi. Shingo yake ilipindwa na jua, ila kiwiliwili kilikuwa kizima na sumaku zake za kunasa sauti zilifanya kazi. Tatizo ni kwamba shingo ya besi ilikuwa pana, haikuingia kwenye nafasi ya kiwiliwili hicho. Akachonga kwa patasi siku tatu: anatoa unyoya wa mbao, anajaribu, anatoa mwingine. Mteja aliyeagiza kitanda akaja, akakuta mbao zimelala palepale.

"Fundi, mimi naoa wiki ijayo!"

"Hongera, shemeji. Nenda kwa fundi mwingine, usije ukalala chini."

Mteja akaenda kweli.

Ijumaa asubuhi nyuzi zikafungwa. Nakijwa akapiga nyuzi zikiwa wazi: tamu. Akabana kidole kwenye kijichuma cha shingo kinachotakiwa kugawa uzi nusu kwa nusu: sauti ikapotoka. Akakaza, akalegeza, bure. Akaenda kujaribu sare ya harusi kwa Bi Hadhina, gitaa begani, machozi tele.

"Shoga yangu, sare inabana?"

"Besi, Bi Hadhina. Wazi inalia vizuri. Nikibana hapa katikati ya uzi, inaharibika."

"Nani kakwambia hapo ni katikati?"

Akavua futi yake ya kupimia aliyoitundika shingoni mwake. Kutoka juu uzi unapoanzia hadi pale Nakijwa alipobana: sentimita thelathini na nane. Kutoka pale hadi kwenye kidaraja kinachoshika nyuzi kwa chini: thelathini na sita na nusu.

"Mwanangu, hii nguo ina bega moja fupi."

Shemdoe akaitwa; kumbe alikuwa amekipima kidaraja kutoka ukingoni mwa mbao, kama anavyopima bawaba za mlango. Akacheka hadi akakaa chini, kisha akakisogeza nyuma sentimita moja na nusu. Chai ya Bi Hadhina ilikuwa haijapoa.

Jumamosi besi ikavuma. Bibi wa bwana harusi alicheza viatu mkononi. Nakijwa alipiga huku akilia, safari hii kwa furaha, na wimbo ulipokwisha akawashika mikono majirani zake, mmoja baada ya mwingine.

Chedi akamletea rangi nyeupe na brashi.

Kundi hilo lina desturi: chombo kipya huandikwa jina la mtu mmoja, na siku zisizo na shughuli hukaa nyumbani kwake. Ngoma kubwa inaitwa Saumu, kwa aliyetoa ngozi ya mbuzi wake. Waliwahi kuandika majina mawili kwenye kayamba. Hadi leo familia hizo hazisalimiani.

"Msumari wa ukutani bado upo," alisema Kihiyo taratibu.

"Mimi nataka yule wa kitanda alisome jina langu hapo," alisema Shemdoe.

"Mimi nilitumia dakika mbili tu," alisema Bi Hadhina. "Lakini ziondoeni hizo mbili, tuone mtacheza nini."

Nakijwa amechovya brashi. Rangi inadondoka. Aliyetoa kumbukumbu yake, aliyepoteza kazi yake, au aliyeliona kosa: nyinyi mnaosikiliza, aandike jina la nani?