Mbuzi Aliyemeza Mwezi kwa Kiingereza

Hapo zamani za kale, watoto, lakini si kale sana, maana vyeti vilikuwa vimeshaanza kupigwa lamination, alikuwepo Pimbi. Digrii anayo, kazi hana. Mama yake aliuza cherehani ili amsomeshe. Sasa mama anashona kwa mkono, na kila jioni anauliza, "Wamekupigia?"

Siku moja ghala la mahindi likatangaza nafasi ya karani. Mlangoni, meneja Bwana Fisi akabandika amri yenye mhuri: ASIYEJUA MISEMO YA KIINGEREZA NA ASILI YAKE HANA KAZI HAPA.

Karani anapokea magunia, watoto. Gunia nalo linajibu "good morning"?

Pimbi akaingia. Fisi kakaa na naibu wake, Kiboko. Dirishani wamebanana waombaji wengine, pamoja na Mama Kanga, mwenyekiti wa wakulima wanaomiliki ghala hilo.

"Shikamoni, wazee."

Fisi hakuitikia. "Break a leg. Meaning and origin."

"Ni kumtakia heri mwigizaji kabla hajapanda jukwaani. Asili yake, wataalamu wenyewe wanabishana."

"Wrong. Mpwa wangu kasema ulianza na mfalme aliyevunjika mguu. Nimempa mia kwa mia. We will call you."

Pimbi akageukia mlango. Kumbe kazi imeshaliwa.

"Sawa, mzee. Ila nisaidieni kabla sijaondoka. The goat has swallowed the moon, asili yake ni ipi?"

Fisi akacheka, kwi kwi kwi. "Huo? Mwepesi. Maana yake tajiri aliyefilisika. Ulianzia London, sokoni."

"Acha, bosi," Kiboko akadakia. "Maana yake bibi harusi aliyechelewa. Ulianzia kwa mabaharia. Niliusoma darasa la sita."

"La sita ulirudia mara tatu, wewe."

"Na wewe London ulifika lini?"

Pimbi akachukua bahasha yake taratibu. "Wazee wangu, msemo huo nimeutunga leo asubuhi nikipiga pasi shati. Hakuna Mwingereza aliyewahi kuusema."

Halafu chwaa, Mama Kanga akaibandua ile amri mlangoni, akaingia nayo.

"Mhuri huu wako, Fisi?"

"Wangu, mama, lakini..."

"Basi umejifukuza mwenyewe. Ondoka na naibu wako. Huko muendako, break a leg."

Jioni karani mpya wa ghala akarudi nyumbani. Mama alipofungua mdomo aulize, Pimbi akamuwahi. "Mama, ile cherehani aliinunua nani?"

Anayeona aibu kusema "sijui", watoto, huishia kuujua mlango wa kutokea.