Kitabu Kisicho na Pacha

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na mji, na mjini nyumba ya vitabu, na kila kitabu na pacha wake, isipokuwa kimoja.

Haya, tulieni. Wewe unayemfinya mwenzio, nakuona.

Mji huo ulikuwa na desturi. Kitabu kikiingia, kinanakiliwa. Kisha mmoja anasoma kitabu kwa sauti, mwingine anafuatisha nakala kwa kidole, mpaka vilingane. Hapo ndipo nakala inapoitwa pacha.

Walikuwa wakiliogopa Zimwi. Zimwi lilikula vitabu, na kila kitabu lilichomeza, watu walisahau yaliyomo. Chenye pacha tu ndicho kilichokuwa kikilikwama kooni.

Mtunza nyumba alikuwa Shekhe Nuumani, tabibu wa macho. Mwalimu wake alimwachia kitabu cha dawa za macho. Hicho hakikuwa na pacha.

Binti yake Jauhara, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote mjini, akamwambia, "Baba, nipe nikinakili."

"Kesho, mwanangu."

Akaomba tena. "Kesho." Akaomba tena. "Kesho, mwanangu."

Choyo tu, hakuna jingine. Aliogopa wenzake wakizijua dawa, hakuna tena atakayempigia hodi.

Siku moja, adhuhuri, watu wako msikitini, Zimwi likaingia.

"Kitabu cha nyota, una pacha?"

"Ninaye."

"Kitabu cha hesabu, una pacha?"

"Ninaye."

"Kitabu cha macho, una pacha?"

Kitabu kikanyamaza. Zimwi likakimeza na jalada lake.

Basi, haukupita muda, Jauhara akaugua macho. Ugonjwa mdogo, baba yake alikuwa akiwatibu watu kila siku. Akachukua kinu, akashika mchi, akasimama. Atwange nini? Hakukumbuka hata jani moja. Hapa huniuma kila nikisimulia.

Jauhara akapofuka.

"Nisamehe, mwanangu," Nuumani akalia. "Nilikuwa nikisema kesho."

"Nimekusamehe, baba. Lakini ungenipa siku ile ile."

Tangu hapo Nuumani alinakili mwenyewe kila kitabu kilichoingia, kwa mwandiko wake mbovu, na Jauhara akikaa karibu yake. Mara nyingine, akisikia karatasi zinafunguliwa, Jauhara alisahau, akanyoosha mkono apewe kalamu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwendo wa nyumbani sasa, na kila mmoja akamsimulie mwenzake, isibaki kwangu peke yangu. Mchoyo wa elimu, wanangu, humnyima hata mwanawe.